Kutoka rilei hadi pembe: kazi ya Profesa Phadke

Mwanafunzi wa uzamili akiniuliza, "Dokta, nichague mada gani?", simpi mada. Namtuma akasome alichofanya mhandisi wa umeme Arun Phadke, kuanzia rilei (kifaa kinachogundua shoti na kuamuru laini ikatwe) za miaka ya 1970 hadi 1991, kisha aje tuongee. Wengi hudhani nawakwepa.

Phadke alisoma Kharagpur, India, akachukua udaktari Wisconsin mwaka 1964, baadaye akafanya kazi American Electric Power, kampuni ya umeme ya Marekani. Pale walikuwa wanahangaika na rilei ya kompyuta. Laini ya fezi tatu inaweza kupiga shoti kwa namna kumi: fezi moja na ardhi, fezi mbili zenyewe, fezi mbili na ardhi (kila moja kwa namna tatu), halafu zote tatu kwa mpigo. Rilei inatakiwa ijue papo hapo kama shoti iko kwenye laini yake au mbele ya hapo. Kwa njia ya kawaida hiyo ni milinganyo sita kwa kila sampuli inayoingia, na kompyuta za wakati ule hazikuiweza kasi hiyo.

Wakarudi kwenye hesabu ya mhandisi Fortescue ya mwaka 1918, inayozigawa fezi tatu katika sehemu tatu ziitwazo mifuatano: chanya, hasi na sifuri. Kwa njia hiyo mlinganyo mmoja ukatosha kwa shoti zote kumi. Ni hesabu safi sana. Miaka michache baadaye kompyuta zikawa na kasi, na ujanja wenyewe ukakosa kazi.

Hapo ndipo ninapotaka mwanafunzi asimame. Rilei ile, ili ifanye kazi yake, ilikuwa kila mara inakokotoa volti ya mfuatano chanya, ukubwa na pembe yake, yaani mahali wimbi la volti lilipofika katika mzunguko wake kwa wakati ule. Phadke na wenzake wakaona kipimo hicho kina faida kuliko rilei iliyokizaa.

Kwenye laini ndefu, umeme hutoka upande ambao pembe imetangulia kwenda upande iliyochelewa. Tofauti ikizidi kukua, mashine za pande mbili ziko karibu kuachana mwendo. Waendesha gridi walikuwa wanaikadiria tu kutokana na vipimo vingine, kwa sababu kuipima moja kwa moja kunahitaji saa zinazolingana pande zote. Kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Saa zikipishana kwa milisekunde moja, umeshakosea digrii 18, na kwa laini nyingi hiyo inazidi hata tofauti unayoitafuta. Zikipishana kwa mikrosekunde moja, kosa ni digrii 0.018. Usahihi huo ukapatikana kwa setilaiti za GPS.

Phadke alihamia Virginia Tech mwaka 1982. Mwaka uliofuata akachapisha makala ya njia hii pamoja na Thorp na Adamiak, na mwaka 1988 maabara yake ikatoa PMU ya kwanza, kifaa cha kupima pembe hiyo kwa saa ya GPS. Setilaiti zilikuwa bado chache, hivyo kipokezi kilihitaji saa ya ndani ya bei mbaya ili kishike wakati pale zinapopotea angani. Mwaka 1991 Macrodyne ikaanza kuviuza vifaa hivyo. Wanunuzi hawakukimbilia. Iliposhuka gridi tarehe 14 Agosti 2003, Marekani na Canada, watu wapatao milioni 50 wakakaa gizani, na wachunguzi wakapata kazi kubwa ya kupanga matukio kwa sababu saa za kumbukumbu hazikulingana. Baada ya hapo kila mtu akataka PMU.

Wanafunzi wangu hawaanzi na programu ya kununua. Nawapa faili la sampuli ghafi za volti, wakokotoe pembe kwa kodi ya kompyuta waliyoandika wenyewe. Kwa hezi 50 kamili, pembe inatulia na wanafurahi. Kisha nawapa faili la gridi iliyoshuka hadi hezi 49.5, na pembe inaanza kuzunguka kurudi nyuma, digrii 180 kila sekunde. Wanakuja ofisini wakisema kodi imeharibika. Kodi ni nzima. Ule mzunguko ndio kipimo cha hezi, kwa kuwa kasi yake inaonyesha gridi imeachana na 50 kwa kiasi gani, na makala ya 1983 ilikuwa imelisema hilo.