Muunganisho Uliolala Si Mwizi

Wiki hii wateja watatu, wawili wa hapa Arusha na mmoja wa Moshi, wamenipigia na kilio kilekile: "Kaka, databesi ina miunganisho 60 imelala tu, tuiue?" Msiiue! Muunganisho ni njia ambayo programu inazungumza na databesi; umelala ikiwa hakuna kinachopita.

Dhana: muunganisho uliolala unakula seva.

Kwenye PostgreSQL (mfumo wa databesi) kila muunganisho ni prosesi yake, yaani programu ndogo inayojiendesha kwenye seva, kwa hiyo memori kidogo unachukua. Lakini ni daladala iliyozima injini stendi ya Kilombero: nafasi imeshika, mafuta haichomi. Programu yenu imeuacha wazi makusudi, maana kufungua mpya kila mara ndiko ghali. Mkiua, itafungua mingine.

Wa kuogopa ni ule ambao pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya miunganisho yote, inauandika "idle in transaction". Huo haujalala. Umeanza muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa pamoja), umeshika kufuli ya kuzuia wengine, kisha umekwenda kunywa chai. Kampuni moja ya utalii, Julai, wageni wamejaa: programu inabadilisha bukingi, halafu kabla ya COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, inangoja jibu la mfumo wa malipo. Mwingine akitaka kugusa bukingi hiyo, anasubiri. Fundi wao akaleta ALTER TABLE, amri ya kubadili muundo wa jedwali, nayo ikasubiri, na kila SELECT (amri ya kusoma) iliyokuja baadaye ikapanga foleni nyuma yake. Ukikaa hivyo kutwa, VACUUM, mfagizi wa PostgreSQL, nayo haiwezi kuzoa mistari iliyokufa tangu muamala uanze, jedwali linavimba. Mkosaji alikuwa mmoja. Wao wakaua wote waliolala, yeye wakamwacha!

Dawa ipo tangu toleo la 9.6, mwaka 2016: idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio unaokata muunganisho uliokaa hivyo kupita muda uliowekwa. Isipowekwa, haifanyi kazi. Mimi huweka dakika moja, na anayelalamika namwambia jibu la malipo alisubiri nje ya muamala.

Dhana: nafasi zikijaa, ongeza max_connections.

Hiyo ni idadi ya juu ya miunganisho ambayo PostgreSQL inakubali; ya kuanzia ni 100. Programu sita, kila moja na akiba ya miunganisho 20 iliyoachwa wazi, ni 120. Hapo ndipo waliolala wanaumiza, kwa kuzuia wengine kuingia. Punguzeni akiba au wekeni mbele PgBouncer, programu inayogawia wengi miunganisho michache kwa zamu.

Dhana: MySQL, mfumo mwingine wa databesi, inakata miunganisho kwa sababu ya intaneti mbovu.

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini wait_timeout yake, muda wa kimya kabla ya kukata muunganisho, kwa kawaida ni sekunde 28,800, yaani masaa manane. Ofisi ikifungwa jioni, asubuhi bukingi ya kwanza inagonga muunganisho uliokufa. Iambieni programu iutupe mapema.