Kiswahili si mtoto wa Kiarabu

Vijiweni Mtwara bado utasikia: Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa na lugha za bara. Kweli, sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu. Lakini undugu wa lugha haupimwi kwa maneno ya kuazima (Kiingereza nacho kingekuwa Kifaransa!); hutazamwa kwenye sarufi na maneno ya msingi. Sisi husema mtu, watu. Wayao mundu, wandu. Wamakonde munu, vanu. Hiyo ndiyo sura ya Kibantu: kinachobadilika ni kiambishi cha mbele. Kiarabu ni cha ukoo wa Kisemiti, pamoja na Kiamhari na Kiebrania. Huko wingi wa kitab ni kutub, irabu za ndani zimegeuka. Sisi tulikiazima kitabu, tukakiwekea wingi wetu wenyewe: vitabu.