Jamani, tatizo si rangi ya kitufe

Wiki hii tena. Mteja kafungua ukurasa wa tovuti yake, kauangalia sekunde chache, kaniambia "tubadilishe kitufe kiwe chekundu, nyekundu inauza". Nimeshaisikia hii mara nyingi mno, bora niandike kabisa ili nikiambiwa tena nitume linki.

Najua ilikotoka. Mwaka 2011 kuna jaribio la A/B (baadhi ya wageni wanaonyeshwa toleo moja, wengine la pili, unalinganisha) lilizunguka sana mtandaoni, kitufe chekundu kilikishinda cha kijani kwa 21%. Watu wakakariri asilimia, ukurasa wenyewe hawakuutazama. Ukurasa ule ulikuwa na kijani tele, nembo kijani, michoro kijani, sasa kitufe cha kijani mle ndani nani atakiona? Chekundu kilishinda kwa sababu kilikuwa peke yake. Kipeleke kwenye ukurasa mwekundu uone kama hakitapotea vilevile. Halafu maandishi meupe juu ya nyekundu kamili, #FF0000, kontrasti yake (yaani maandishi yanavyotofautiana na rangi iliyo nyuma yake) ni kama 4:1 hivi, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, inataka 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na meupe juu ya chungwa #FFA500 ndo balaa, hata 2:1 haifiki.

Ukubwa nao haraka haraka: weka pikseli 44 kwa 44 au zaidi, kidole gumba si mshale wa mausi. Na kitufe kikuu kiwe kimoja, ukivikoleza vitatu hamna kikuu hapo.

Sasa maneno, hapa ndo pananiumiza. Jared Spool, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2009 kuhusu duka moja kubwa la mtandaoni, mtu anajaza kikapu vizuri tu, akitaka kulipa anakutana na fomu inayomtaka aingie au ajisajili. Wateja wapya walikasirika, wamekuja kununua, habari za akaunti za nini? Wale wa zamani nao hawakumbuki paswedi. Wenye duka wakaondoa kitufe cha "Jisajili" wakaweka "Endelea", na sentensi fupi kwamba akaunti si lazima. Walionunua wakaongezeka kwa 45%. Hakuna aliyegusa rangi hapo, mtu kaondolewa mzigo basi.

Ndo maana nikiona "Wasilisha" naumia. Nani katika maisha yake ameamka akatamani kuwasilisha? Ni neno la fomu, linaeleza kazi ya kompyuta, mtu mwenyewe anataka kitabu, au bei, au nafasi kwenye darasa. Na sisi Kiswahili kimetupa kitu kizuri, ile -ni- ndani ya kitenzi: "Nitumie kitabu", "Nionyeshe bei". Anayebofya ndiye anayesema, na kitufe kinaahidi kitakachofuata. "Bofya hapa" ni mbaya zaidi, asiyeona anayetumia kisoma skrini akiorodhesha linki za ukurasa anasikia bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, achague ipi sasa?

Ila maneno yetu ni marefu. Dizaini ikipimwa kwa "Submit" halafu upana ukafungwa, ukija kutafsiri unapata "Endelea na mal…" na mtu hajui kama ni malipo au maelezo. Acha kitufe kitanuke chenyewe, tafadhali.

Na nikiri, hiyo -ni- yenyewe sijaimaliza. Kuna kurasa "Nitumie" imeshinda, kuna nyingine "Pata kitabu" imeipita na mpaka leo sina maelezo ninayoyaamini. Kurasa nyingi tunazofanyia kazi hazina wageni wa kutosha, tofauti ya kliki kumi na tano inaweza kuwa bahati tu, na ukichungulia matokeo kila asubuhi ukasimamisha jaribio siku upande unaoupenda unaongoza, unajidanganya. Nimewahi kufanya hivyo, nikapeleka ripoti kwa kujiamini, mwezi uliofuata ile faida haikuonekana popote.

Kitu kingine kinasahaulika: akishabofya kitufe kibadilike papo hapo, kiandike "Inatuma…" na kisikubali kubofywa tena, mtandao ukiwa mzito na kitufe kimekaa kimya mtu anabofya mara ya pili na oda zinakuwa mbili.

Kitufe cha huyu mteja tumekiacha na bluu yake, inasomeka vizuri na ukurasa mzima ni mweupe. "Wasilisha" imekuwa "Nitumie ratiba", sehemu ya namba ya simu tumeitoa kwenye fomu kwa sababu hakuna aliyekuwa anapiga hizo simu. Jaribio linakwenda wiki nne, na tumekubaliana hakuna kufungua matokeo kabla.