Desa ni nini? Lamalera, kijiji kimoja chenye desa mbili

Kuipata Lamalera kwenye ramani ya Indonesia kunahitaji subira. Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 17,000, na hiki unachokitafuta kinaitwa Lembata, mashariki mwa kisiwa cha Flores. Ukikipata, shuka hadi pwani yake ya kusini, chini ya mlima Labalekang, mahali ardhi inapoitazama Bahari ya Sawu. Pale nyumba zimepandana kwenye mteremko wa mawe, na ufukweni kuna mabanda yanayofunika mashua za kuwindia nyangumi. Muulize mwenyeji kijiji chake, atakujibu Lamalera. Fungua orodha ya serikali, utaikosa. Utakuta Lamalera A na Lamalera B.

Kinachowagawa ni neno desa. Kamusi nyingi hulifasiri kuwa "kijiji" na kuishia hapo, na mimi naona tafsiri hiyo ni nusu ya habari.

Asili yake ni Kisanskriti, lilikomaanisha nchi au eneo; ndugu yake unamsikia mwishoni mwa jina Bangladesh. (Waliosoma vyuo vya Tanzania waweke kando madesa yao ya kujisomea, hayahusiani.) Wajava, Wamadura na Wabali walilitumia tangu zamani kwa vijiji vyao. Makabila mengine ya visiwa hivyo yalikuwa na majina yao: Waminangkabau wa Sumatra Magharibi walikuwa na nagari, Waaceh gampong, watu wa Maluku negeri. Hayakuwa majina tofauti ya kitu kilekile. Nagari moja ingeweza kubeba makazi kadhaa, koo zake, msikiti wake na baraza la wazee wake.

Mwaka 1979, chini ya utawala wa Rais Suharto, ilitungwa sheria namba 5 iliyotaka nchi nzima iwe na serikali ya kijiji ya muundo mmoja, jina lake desa. Mfano wa Java ukavishwa watu wa Sumatra, Timor na Papua, ukiwatosha au usiwatoshe. Nagari zilikatwakatwa kuwa desa ndogondogo, na ikabidi zingoje kuondoka kwa Suharto mwaka 1998 ndipo zianze kurudi. Tangu hapo desa ni kipande cha dola chenye mipaka, ofisi na mhuri.

Kipande hicho kimekaa wapi? Juu kabisa kuna provinsi, yaani majimbo, ambazo sasa ni 38. Lamalera imo katika Nusa Tenggara Timur, jina refu linaloeleza lenyewe: nusa ni kisiwa, tenggara ni kusini-mashariki, timur ni mashariki. Makao yake makuu ni Kupang, mji ulio kisiwa kingine kabisa, Timor. Chini ya provinsi kuna kabupaten, ambayo Mtanzania anaweza kuifikiria kama wilaya, ikiongozwa na bupati. Kabupaten ya Lembata ilimegwa kutoka Flores Timur mwaka 1999, na mji wake ni Lewoleba. Kumega huko Waindonesia hukuita pemekaran, yaani kuchanua kama ua. Sijui siasa nyingine iliyojipatia jina zuri hivyo kwa kazi ya kugawana maeneo! Baada ya kabupaten inafuata kecamatan, mfano wa tarafa, hapa ni ya Wulandoni, ndipo tunapofika kwenye desa. Desa nayo hugawanyika kuwa dusun, mfano wa vitongoji, na chini kabisa zipo RT, makundi madogo ya kaya jirani. Aliyewahi kumpelekea shida balozi wa nyumba kumi ataielewa RT bila kufundishwa. Mfumo wa RT ulianzishwa na Wajapani walioikalia Indonesia kati ya 1942 na 1945.

Mjini ngazi ya desa huitwa kelurahan, na tofauti ni kubwa kuliko jina. Mkuu wa kelurahan, lurah, ni mtumishi wa serikali anayeteuliwa. Mkuu wa desa, kepala desa, hupigiwa kura na wanakijiji wenyewe. Muhula wake ulikuwa miaka sita, na sheria ya 2024 imeufanya minane.

Miaka kumi kabla ya hapo ilikuja sheria ya desa ya 2014, iliyofanya mambo mawili. Kwanza ilitambua desa adat, kijiji kinachojiongoza kwa mila. Pili ikaleta fedha: kuanzia 2015 kila desa hupata fungu kutoka bajeti ya taifa. Mwaka wa kwanza zilikuwa rupia trilioni 20.7, na baadaye zikafika karibu trilioni 70 kwa mwaka, zikigawanywa kwa desa zipatazo 75,000. Barabara, visima na vituo vya afya vilijengwa. Tamaa nayo haikuchelewa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fungu hutolewa sawa kwa kila desa bila kujali ukubwa, kuwa na desa nyingi kunalipa, na mwaka 2019 Waziri wa Fedha, Sri Mulyani Indrawati, alizungumzia taarifa za desa zisizo na wakazi zinazopokea fedha. Macho yakaelekea kabupaten ya Konawe, Sulawesi Kusini-Mashariki. Sisi tuliozoea wafanyakazi hewa tungeziita vijiji hewa.

Turudi Lamalera. Lugha ya eneo hilo ni Kilamaholot, na neno lake la kijiji ni lewo, au lefo kwa matamshi ya Lamalera; ndilo lililo ndani ya jina la Lewoleba. Lefo ni mahali pamoja na watu wake, mizimu yake na wajibu wake. Uongozi wake wa asili hutajwa kwa koo tatu, Blikololong, Bataona na Lewotukan, ambazo kwa pamoja huitwa lika telo. Maana yake ni mawe matatu ya jikoni. Sisi tunayaita mafiga, na hatuhitaji kuelezwa kwa nini yawe matatu. Kando yao kuna koo za wenye ardhi, wenye jukumu la kufanya mlimani ibada ya kuwaita nyangumi, ingawa kijiji ni cha Wakatoliki na msimu wa uwindaji, lefa, hufunguliwa kwa misa kila tarehe 1 Mei.

Anayerusha chusa huitwa lamafa. Husimama kwenye jukwaa la mianzi lililochomoza mbele ya mashua, akaruka pamoja na chusa ili uzito wa mwili wake wote uingie kwa nyangumi. Mnyama akivutwa ufukweni hukatwa kwa mafungu yanayojulikana tangu enzi: fungu la ukoo wenye mashua, la lamafa, la wapiga makasia, la fundi aliyeiunda mashua. Hakuna fungu la A wala la B. Kepala desa wote wawili wanaweza kusimama pale mchangani, na cheo chao hakiwapi hata kipande cha mafuta.

Nyama ikikaushwa, akina mama huibeba kichwani kwenda kuibadilisha na watu wa milimani kwa mahindi, ndizi na mihogo. Soko hilo la kubadilishana hukutana Jumamosi huko Wulandoni. Kwenye kitambulisho cha mama huyo, Wulandoni ni jina la kecamatan, mstari mmoja chini ya ule wa desa. Jumamosi asubuhi, akiwa na beseni kichwani, Wulandoni ni mahindi.