Kupima kemikali za angahewa za sayari kubwa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Darubini yenye nguvu inatosha kutueleza kila kilichomo katika angahewa ya Mshtarii.

Ukweli: Mwanga hufichua mengi, lakini si yote. Methani na amonia hufyonza mwanga kwa namna inayotambulika, na ndiyo maana zilijulikana tangu miaka ya 1930. Heli, ambayo ni karibu robo ya masi ya angahewa hiyo, haiachi alama ya wazi kama hiyo katika hewa baridi kiasi kile, wala neoni na argoni haziachi. Gesi hizi, ziitwazo gesi adimu (zisizoungana kirahisi na kemikali nyingine), hazina budi kupimwa ndani ya hewa yenyewe.

Dhana: Chombo kikizama angani humo, kinachokipima ndicho kilichoenea sayari nzima.

Ukweli: Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa inaonekana ya busara. Desemba 7, 1995, chombo kidogo kilichobebwa na chombo cha anga kiitwacho Galileo kiliingia Mshtarii, kikashuka kwa parachuti kikituma vipimo kwa muda wa karibu saa moja, hadi shinikizo lilipofikia takriban mara 22 ya lile la usawa wa bahari duniani. Kwa gesi adimu kilifanya kazi ya thamani kubwa: argoni, kriptoni na zenoni zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichomo katika Jua, ilhali neoni ilikuwa kama sehemu moja ya kumi tu, huenda kwa sababu huyeyuka katika matone ya heli yanayozama kilindini. Maji, hata hivyo, yalikuwa machache mno. Kumbe chombo kiliangukia eneo ambamo hewa kavu hushuka kutoka juu, na mvuke ulikuwa ungali ukiongezeka kadiri kilivyozama. Chombo kingine cha anga, Juno, kilichofika huko mwaka 2016 na kupokea maikrowevu zinazotoka chini kabisa ya mawingu, kilionyesha kwamba karibu na ikweta maji ni takriban asilimia 0.25 ya molekuli zote.

Dhana: Ubuluu wa Neptuni unaonyesha kuwa imejaa methani.

Ukweli: Methani ni asilimia chache tu, hufyonza mwanga mwekundu, na kiasi kidogo kinatosha. Zilizo nyingi ni hidrojeni na heli. Argoni na kriptoni zake bado hazijapimwa, kwani chombo cha anga Voyager 2 kiliipita tu mwaka 1989, na hakuna chombo kilichowahi kuzamishwa humo.