Oili ya sintetiki haijavujisha gari yako, ilikuwa inavuja tangu zamani

Jana tena. Dada kaja na Toyota IST yake ya 2005, injini 1NZ, nikamwambia tumwage oili tuweke sintetiki 5W-30, hata nati ya sampu (beseni la oili chini ya injini) sijaigusa kashampigia kaka yake. Kaka anasema usikubali, gari ya zamani hiyo, sintetiki nyepesi itavuja yote, mwambie akuwekee 20W-50 ishike. Wiki hii ni mara ya nne naisikia hii.

Wepesi na usintetiki ni vitu viwili. 5W-30 ya sintetiki na 5W-30 ya kawaida, zikifika nyuzi 100 zote ziko kwenye kipimo kilekile cha uzito, cha 30. Hiyo W ni ya winta, Dar hatuna, tuendelee. Na hiyo 20W-50, VVT-i (mfumo wa injini hiyo unaopanga muda wa valvu kufunguka) inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye kichujio kidogo sana, sasa we asubuhi unaisukumia uji.

Haya, kuvuja. Uzushi huu una chanzo, sikatai, sintetiki za miaka ya 70 zilikuwa zinasinyaza mpira wa sili. Walisharekebisha zamani, wanachanganya kitu cha kuuvimbisha mpira kidogo. Kinachotokea kwenye magari yetu ni kwamba gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) imekauka kama biskuti, imepasuka, ila ufa umezibwa na tope la miaka yote uliyokuwa unachelewa kumwaga, sasa ukiweka oili yenye sabuni nzuri tope linaoshwa, ufa unabaki wazi, lawama kwa oili. Ni kama kufua shati ukakuta lile doa kumbe lilikuwa limeficha tundu, halafu unamgombeza muuza sabuni.

Ila niseme ukweli, nikifungua kifuniko nikakuta tope limeganda kama lami, mi mwenyewe naogopa. Wanasema linaoshwa taratibu, sawa, lakini kipande kikibanduka kikakaa kwenye chujio la ndani ya sampu pampu inakosa oili, taa nyekundu, kwisha habari. Gari kama hiyo naweka ya kawaida, namwaga baada ya km 2,000, narudia, ndo nahamia. Inasaidia au najifariji tu? Mafundi wenzangu wengine wanashusha sampu kabisa na pengine wako sahihi kuliko mimi.

Na sijasema kila mtu anunue sintetiki. Weka ya kawaida yenye API SN au SP (alama za ubora kwenye kopo), mwaga kila km 5,000 na filta mpya, 1NZ haitakununia. Ila kama una turbo, au kila siku uko foleni ya Mbagala, nunua sintetiki, maana dashibodi inahesabu kilomita tu, masaa uliyounguruma umesimama haiyajui.

Eti sintetiki na ya kawaida hazichanganyiki! Sasa nusu sintetiki unadhani ni nini? Tena sintetiki nyingi za bei poa ni mafuta yaleyale ya kisimani yaliyosafishwa sana, Marekani kuziita sintetiki kumekubalika tangu 1999.

Yule dada nikamwonyesha oili mbichi inatiririka nyuma ya tapeti kava, na sijagusa kitu. Akampigia kaka video. Kaka kimya, halafu mtandao "ukakata". Tukabadilisha gasketi. Sintetiki hatukuweka, hela iliishia kwenye gasketi.