Kiitikio kizito si kopi ya kompyuta

Moshi na Arusha kuna imani ya siku nyingi: mwitikiaji akiimba kiitikio mara moja studio, prodyuza anakikopi mara kumi na kinakuwa kama kwaya. Hakiwi. Ukiipachika rekodi ileile juu yake yenyewe, inaongezeka ukubwa tu, kama desibeli 6. Upana hauji, kwa sababu upana ni zile tofauti ndogondogo za muda na pumzi anazozileta binadamu akirudia.

Kwa hiyo mtu mmoja, ambaye mara nyingi jina lake haliandikwi popote, anaweza kuimba mistari minne mara 12: sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja mara nne. Katika kila nne, mbili zinapelekwa spika ya kushoto, mbili ya kulia. Anasimama kama sentimita 20 kutoka kwenye maiki, sikio moja nje ya hedifoni ajisikie akianza kutoka kwenye ufunguo wa wimbo, yaani sauti ikipotea. Upande ule uliotolewa aubane kichwani, la sivyo biti linavujia kwenye maiki.

Kinachoharibu zaidi ni herufi. "S" 12 zisizoangukia pamoja husikika kama mvua juu ya bati. Dawa ni kutamka "s" kamili kwenye rekodi moja na kuzimeza nyingine. Waliokulia kwaya za kanisa sauti ya pili haiwapi shida; hili la kumeza ndilo huwatesa, maana kwaya humtaka kila mtu atamke.

Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtumbuizaji pia, si mtunzi peke yake. Kwa hiyo mwitikiaji asome karatasi za mkataba kabla ya kutia saini.